Kitinda Mimba wa Nyumba ya Chapa

*Herufi nene, ya mlazo, yenye vijiguu imejaa kwenye kadi za harusi na mabango. Nyingi kati ya hizo hazikuchorwa na mtu yeyote.*

Jina la bibi harusi lilikuwa limesimama wima, jembamba, na mama hakulipenda.

"Mwanangu, hili limekonda kama limetoka kulazwa. Linenepeshe. Halafu lilaze kidogo."

Kijana aliyekaa nyuma ya kompyuta hakubisha. Alishuka kwenye orodha ya fonti mpaka akafika Cooper Black, akabofya. Kisha akabofya B. Kisha I. Majina mawili katikati ya kadi yakavimba, yakainama upande wa kulia kama minazi iliyozoea upepo wa bahari.

"Hivyo, mama?"

"Hivyo hivyo. Sasa na la ukumbi. Na tarehe. Na hapo penye 'Karibuni sana'."

Haikupita dakika moja, kadi nzima ilikuwa imenenepa na kulala. Ilikuwa Ijumaa jioni, kwenye steshenari moja ndogo ya Kariakoo, Dar es Salaam, na mbele yangu palikuwa na watu watano. Mimi sikuja kuchapa kitu. Mhariri wangu alikuwa amenipa rundo la kadi za mchango zilizokusanyika mezani kwake, akataka nimweleze kwa nini kila moja imeandikwa kwa herufi zinazopiga kelele na kukimbia kwa wakati mmoja.

Nilipomuuliza kijana, alicheka. Wateja ndio wanaotaka, alisema. Yeye kazi yake ni kubofya.

Shida ni kwamba alichobofya hakikuwa alichokuwa anadhani.

Kitufe kinachodanganya

Shuleni tuliagizwa tueleze maana ya "maneno yaliyokolezwa wino" au "maneno ya hati mlazo". Kwenye steshenari watu husema boldi na italiki, na kila mmoja anaelewana na mwenzake. Serifu ndiyo haina jina la mtaani, ingawa kila mtu ameiona: ni vile vijiguu vidogo ambavyo herufi huvikanyagia mwishoni mwa nguzo zake. Times New Roman inavyo. Arial haina.

Chukua herufi yenye vijiguu, inenepeshe, ilaze. Umempata mhusika wa makala haya: mlazo mzito.

Sasa fanya jaribio ambalo halihitaji kuwa fundi. Fungua ukurasa mtupu, chagua Times New Roman, andika neno "fafanua". Litazame likiwa wima. Herufi a ina paa juu ya tumbo lake. F inasimama juu ya mstari kama askari wa gwaride. N na u zimekanyaga chini kwa miguu bapa.

Bofya B na I. Itazame a tena. Paa limeondoka, limebaki tumbo la mviringo na nguzo pembeni, kama mtoto anavyoandika kwa penseli. Herufi f imetoa mkia ukashuka chini ya mstari. Zile n na u zimeacha miguu bapa, zimeota vindoano vidogo vya kushikana na jirani. Hazikuinamishwa hizo, zimebadilishwa na herufi nyingine. Mtu alikaa akazichora moja moja, zikawekwa kwenye faili lao wenyewe. Windows 3.1 ilipotoka mwaka 1992, Times New Roman ilikuja na mafaili manne ya namna hiyo: wima, nzito, mlazo, na mlazo mzito.

Kisha andika "fafanua" ileile kwa Cooper Black, ubofye I.

Paa la a lipo palepale. Herufi f haina mkia. Vindoano hakuna. Ni herufi zilezile zilizosukumwa, kama uzio uliogongwa na lori.

> *Ni herufi zilezile zilizosukumwa, kama uzio uliogongwa na lori.*

Sababu yake ni rahisi. Cooper Black inayokuja na programu za Microsoft Office huja peke yake: faili moja, herufi wima, basi. Kompyuta inapoombwa italiki isiyokuwa nayo, haikatai wala haiombi radhi. Inachukua kilichopo na kukikata mshazari. Ukiongeza B, inanenepesha kingo za kitu ambacho tayari kina unene wa kupindukia, na yale matundu ya ndani ya a na e, ambayo ndiyo jicho huyatumia kuzitambua, yanazidi kuziba.

Kuna aibu ndogo zaidi ambayo ukishaiona hutaacha kuiona. Mchoraji wa Cooper Black aliliinamisha tundu la herufi o kuelekea nyuma, kushoto, na huko ndiko ulegevu wake wa kupendeza unakotoka. Ukilaza herufi kwenda kulia kwa kitufe, tundu linanyooka. Mwili unakimbia, jicho limesimama.

Watoto wanne

Nyumba ya chapa ya herufi za Kirumi ina watoto wanne, na hawakuzaliwa siku moja wala mji mmoja.

Wa kwanza ni wima. Umbo lake tunalolifahamu lilikomaa Venice mwaka 1470 mikononi mwa Mfaransa Nicolas Jenson. Wa pili, mlazo, alifuata mji huohuo miaka thelathini baadaye. Mchapaji Aldus Manutius alitaka vitabu vidogo vya kushikwa mkononi, na fundi wake Francesco Griffo wa Bologna akamchongea herufi zilizoiga mwandiko wa haraka wa wasomi wa Italia. Maneno machache ya namna hiyo yalionekana mwaka 1500 kwenye picha ndani ya kitabu cha barua za Mtakatifu Katarina wa Siena. Mwaka uliofuata Aldus alichapa kazi za Virgil kwa mlazo kitabu kizima.

Kitabu kizima. Hapo pana jambo la kuzingatia. Mlazo haukuzaliwa kuwa mkazo wa neno moja ndani ya sentensi. Ulikuwa mwandiko unaojitegemea, na herufi zake kubwa zilibaki wima. Kuuingiza kati ya herufi wima ili neno lijitenge na wenzake ni desturi iliyokuja baadaye.

Griffo mwenyewe hakufaidi. Mwaka 1502 serikali ya Venice ilimpa Aldus, si yeye, ulinzi wa herufi hizo. Wakagombana, Griffo akaondoka. Mwaka 1516 alishtakiwa Bologna kwa kumpiga mkwe wake kwa kipande cha chuma hadi kufa, na baada ya hapo kumbukumbu zake zinapotea. Natamani ningekuwa na nafasi ya kumfuata mtu huyo kwa kurasa tatu nzima.

Wa tatu, herufi nene, alingoja karne tatu. Ni mtoto wa London, wa mwanzoni mwa karne ya 19, mji ulipojaa viwanda, matangazo na kuta za kubandikia. Robert Thorne ndiye anayetajwa zaidi kwa zile herufi zilizovimba nguzo huku nywele zake zikibaki nyembamba kama uzi. Kazi yake haikuwa vitabu. Ilikuwa mabango, na hasa mabango ya bahati nasibu. Thorne alipofariki mwaka 1820, karakana yake ilinunuliwa na William Thorowgood, ambaye inasimuliwa kwamba fedha hizo alizipata kwa kushinda bahati nasibu hiyohiyo. Vitabu vya sampuli vya zama hizo vinaonyesha herufi nene za wima na nene za mlazo zikiwa pamoja.

Kwa hiyo mlazo mzito, kitinda mimba wa nyumba hii, alizaliwa ukutani. Ni kelele za barabarani tangu siku ya kwanza, na anayemdharau kwa kuwa wa mitaani anamdharau kwa kuwa alivyo.

Kuingia kwa herufi nene ndani ya kitabu kulisubiri mpaka mwaka 1845, Robert Besley wa London aliposajili herufi iitwayo Clarendon, iliyochongwa na Benjamin Fox. Ilikuwa nene kiasi cha kukaa mstari mmoja na herufi za kawaida bila kuzifukuza. Watunzi wa kamusi waliipenda, na hadi leo ukifungua kamusi nyingi za Kiswahili utaona vidahizo vimekolezwa. Sheria ilimlinda Besley miaka mitatu tu. Ilipokwisha, kila karakana ikaiga.

Mtu wa Chicago

Oswald Cooper alizaliwa Mount Gilead, Ohio, mwaka 1879, akakulia Coffeyville, Kansas, kisha akaenda Chicago kusomea uchoraji katika shule ya Frank Holme. Hakuwa mchoraji hodari wa picha. Mwalimu wake wa herufi alikuwa Frederic Goudy, ambaye baadaye angekuwa mmoja wa wachora herufi mashuhuri kuliko wote Marekani. Mwaka 1904 Cooper alifungua ofisi na mwenzake Fred Bertsch, wakawa wanaandika matangazo kwa mkono.

Hebu tukumbuke kazi hiyo ilikuwaje. Kampuni inakuja na maneno yake. Wewe unachora kila herufi kwa brashi na wino, ukizipangia nafasi kwa jicho. Cooper alikuwa na mkono laini, usiopenda kona. Karakana ya Barnhart Brothers & Spindler ya mji huohuo ikamshawishi azigeuze herufi zake ziwe za risasi, ziuzwe kwa wachapaji wote.

Cooper Black ilitoka mwaka 1922. Ilikuwa nzito, na kila ncha yake ilikuwa imeviringishwa, hata vijiguu. Wachapaji wahafidhina waliichukia, na mwenyewe aliwajibu kwa utani kwamba fonti hii ni ya wachapaji wanaoona mbali wenye wateja wasioona mbali. Mashine hazikuona haya. Iliuzwa mno.

Kisha, mwaka 1926, ikaja Cooper Black Italic.

Nataka nikae hapa kidogo, kwa sababu ndiyo fonti ambayo kijana wa Kariakoo alidhani ameibofya. Cooper hakuchukua herufi zake za wima akaziegemeza. Alirudi kwenye brashi. Herufi ndogo zinaingia na kutoka kwa mkunjo, moja ikiitafuta nyingine, kama maandishi ya mtu mwenye furaha anayeandika kwa kalamu iliyonona. Uzito ni uleule wa dada yake, lakini mwendo ni mwingine. Ile ya wima imekaa kwenye sofa. Hii imeinuka inacheza.

> *Ile ya wima imekaa kwenye sofa. Hii imeinuka inacheza.*

Na haikuwa kazi rahisi kuitia kwenye risasi. Kila herufi ya chapa ilikaa juu ya kipande cha chuma chenye pembe nne. Herufi iliyolala haitoshi ndani ya pembe nne. Kichwa chake au mkia wake hutokeza nje na kuning'inia juu ya jirani. Sehemu hiyo ndiyo iliyokatika kwa urahisi, hasa ya f. Mlazo uligharimu zaidi kuutengeneza na ulikufa mapema zaidi. Mtu aliyeamua kuuchora alikuwa na sababu.

Kuna kichekesho ndani ya kisa hiki. Kampuni ya Lanston Monotype, ilipoona soko linavyokwenda, ilitaka mshindani wa Cooper Black, na mwaka 1925 ikapata Goudy Heavyface. Mchoraji wake? Frederic Goudy, yuleyule mwalimu wa Chicago. Mwalimu akamfuata mwanafunzi nyayo kwa nyayo. Wanaozilinganisha wengi humpa ushindi mwanafunzi, nami ni mmoja wao.

Dada alisafiri, mdogo akabaki

Cooper alifariki mwaka 1940. Risasi nayo ilikuwa njiani kuondoka. Katika miaka ya 1960 zikaja herufi za picha na herufi za kusugua kutoka kwenye karatasi, na Cooper Black ikapata maisha ya pili. Miviringo yake ilisaidia: herufi isiyo na mguu bapa, hata ukiibandika juu kidogo ya mstari, hakuna atakayegundua. Vijana wa Marekani walizipiga pasi kwenye fulana. Mwaka 1966 ilikaa juu ya jalada la Pet Sounds, albamu ya Beach Boys. Mwaka 1995 shirika la ndege la easyJet liliianika kwa rangi ya chungwa ubavuni mwa ndege zake, na bado ipo.

Zote hizo ni za wima. Mlazo wake ulibaki nyuma. Enzi ya kompyuta ilipofika, Office ikamchukua dada mmoja tu. Mlazo wa kweli wa Cooper upo katika dijitali. Kampuni ya Bitstream iliuweka pamoja na ukoo mzima. Lakini unauzwa, na steshenari inayochapa kadi kwa bei ya kugombania haitaanza kwa kununua fonti.

Ndiyo maana mlazo mzito wa Cooper unaouona leo, Kariakoo au London, una nafasi kubwa ya kuwa wa bandia.

Wanaoutaka, wasioutaka

Nikijaribu kuwaelewa wanaoutaka, naona wana hoja. Kadi ya harusi si hukumu ya mahakama. Mama yule alitaka karatasi iliyochangamka, ionekane kutoka upande wa pili wa sebule, isifanane na barua ya kukumbushwa deni. Unene unampa sauti. Mlazo unampa mwendo. Kwa karne mbili, kila mtu mwenye kitu cha kutangaza ametaka hivyo viwili kwa pamoja.

Wasanifu wa kurasa wanakuja na hoja yao: mkazo unaishi kwa uchache. Kwenye gazeti mlazo mzito una vyumba vyake. Kijistari kifupi juu ya kichwa cha habari. Jina la safu ya maoni. Neno la kwanza la maelezo ya picha. Kwenye kamusi unaweza kukaa chini ya kidahizo, kwa misemo inayozaliwa nacho. Neno moja, mstari mmoja, miwili ukizidi. Kadi ambayo kila neno limekolezwa na kulazwa haina neno lililokolezwa hata moja, kwa maana hakuna la kulilinganisha nalo. Mimi niko upande huu, nakiri mapema.

Upande wa tatu ndio ninaoona haupewi sikio. Wako watu ambao herufi huwachezea machoni. Chama cha Uingereza kinachoshughulikia matatizo ya kusoma, British Dyslexia Association, kinashauri waandishi waepuke mlazo na kupigia mistari, watumie herufi nene wanapotaka kukazia. Tena kinapendekeza fonti zisizo na vijiguu. Kwa kipimo hicho, mlazo mzito wenye serifu una makosa mawili kati ya matatu. Ukiongeza mlazo wa bandia uliozibwa matundu, kuna mgeni atakayekosa saa ya ukumbi.

Mabishano haya hayaishii kwenye kadi. Mwaka 2004 Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani iliacha Courier New ikahamia Times New Roman ya ukubwa wa 14. Mwaka 2023, chini ya Waziri Antony Blinken, ikahamia Calibri kwa hoja ya kuwarahisishia wenye shida ya kuona na kusoma. Desemba 2025, chini ya Waziri Marco Rubio, ikarudi Times New Roman kwa hoja ya heshima na utamaduni. Vijiguu vile vidogo vinaweza kubeba siasa nzito.

Neno linalolazwa ni la nani?

Mwandishi wa Kiswahili ana ugomvi wake na mlazo ambao mtu wa Chicago hakuuwaza.

Kwa desturi ya uchapishaji wa Kiingereza, neno la lugha ya kigeni hulazwa. Ndiyo maana riwaya za Kiingereza zinazotokea pwani yetu zimejaa maneno ya Kiswahili yaliyoinama, kama wageni waliosimamishwa mlangoni waonyeshe vitambulisho. Abdulrazak Gurnah, Mzanzibari aliyepata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021, aliwahi kulisemea hili katika mahojiano: wachapishaji hutaka kukifanya kigeni kionekane kigeni, wakilaze, hata wakiwekee faharasa, naye anakataa. Kwa mhusika anayeishi ndani ya maneno hayo, hakuna kilicho kigeni.

Nasi tunalipiza bila kujua. Pekua vitabu vyetu uone maneno ya Kiingereza yalivyolazwa katikati ya Kiswahili kilichosimama wima.

Ukiutazama vizuri, utamaduni wetu wa maandishi haukuuhitaji mlazo. Tenzi za Lamu na Pate ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu, na mwandiko huo hauna desturi ya italiki. Kitufe cha I hakijali hilo. Kibofye juu ya maandishi ya Kiarabu, kama wanavyofanya baadhi ya wapanga mabango, nayo yanaegemea kulia, wakati msomaji anatoka kulia kwenda kushoto. Kinachoonekana ni mtu anayetembea mbele huku akianguka kinyumenyume.

Halafu kuna kanga. Hakuna maandishi ya Kiswahili yenye makali kuliko jina la kanga. Limevunja ndoa, limezima ugomvi wa majirani, limeomba msamaha pale mdomo uliposhindwa. Na aghalabu huchapwa kwa herufi kubwa zilizosimama wima, hazina kijiguu wala mlazo. Maneno yenyewe yanatosha.

Kero nyingine ni ya kwetu: ng'. Alama ile ya juu hukaa sawa herufi zikiwa wima. Zikilazwa kwa nguvu zikiwa nene, g inavimba, alama inabaki imening'inia peke yake, na kati yake na g linafunguka pengo. Andika "kung'ara" kwa mlazo wa bandia uone. Neno linalosema mwanga linaonekana kama jino limeng'oka.

Fonti ya bure

Nilirudi kwenye steshenari ile siku ya pili. Nilikuwa na jambo la kumwonyesha kijana.

Kuna fonti inaitwa Playfair Display, iliyochorwa na Claus Eggers Sørensen wa Denmark na kutolewa mwaka 2011. Leseni yake ni huria: mtu yeyote anaipakua, anaitumia kwa biashara, halipi. Imefuata ladha ya karne ya 18, yenye nguzo nene na nywele nyembamba, na ina mlazo mzito uliochorwa, si wa kusukumwa. Haifanani na Cooper. Haina ule unono wa maandazi. Lakini a yake inapoteza paa kama inavyotakiwa.

Tuliipakua kwa bando la simu yangu. Kijana aliandika "fafanua" mara tatu kwenye ukurasa mmoja: Cooper Black iliyosukumwa, Times New Roman, Playfair. Akasogea karibu na kioo. Akanyoosha kidole kwenye a ya kwanza, kisha ya pili, kisha ya tatu. Hakusema kitu kwa muda.

"Kumbe nilikuwa naibiwa," alisema hatimaye.

Mama alifika saa kumi kuchukua kadi zake. Hazikuwa zimechapwa bado, kwa sababu kijana alikuwa amemwandalia sampuli tatu. Katika mbili alikuwa ameacha ukumbi, tarehe na saa katika herufi wima za kawaida, na kulaza majina mawili tu. Moja kwa Times New Roman, moja kwa Playfair. Ya tatu ilikuwa ileile ya Ijumaa, yote imenenepa, yote imelala.

Mama alizitandaza kaunta. Akatafuta miwani kwenye mkoba, hakuipata. Akaishika kila kadi mbali, mkono umenyooka, kichwa kimeegemea nyuma, akikunja macho. Kijana akanitazama. Nami nikamkumbuka Cooper na wateja wake wasioona mbali, ingawa huyu tatizo lake lilikuwa la karibu.

Ile ya Times aliirudisha haraka. "Hii ya ofisini."

Playfair aliishika zaidi. Akapitisha kidole juu ya jina la binti yake. "Hii nzuri. Inamfaa mtu mwembamba."

Kisha akainua ile ya Ijumaa, na uso ukafunguka.

"Hii ndiyo inacheka. Nitolee mia mbili, mwanangu. Na hapo chini ongeza 'Vazi rasmi: kitenge', nalo lilaze."

Kijana alivuta kiti, akashika kipanya. Akabofya B, akabofya I.